Alama ya D jeshini isiguswe

Mhariri,

Kila makurutu wanaposajiliwa, maneno huwa ni yale yale: jeshi limekuwa kimbilio la waliofeli, na mwenye D si mtu wa kukabidhiwa bunduki. Juzi nimeyasikia tena katika chumba cha walimu, yakitoka kwa mwenzangu ninayemheshimu sana, akitaka alama hiyo ipandishwe iwe C. Nimeshindwa kunyamaza.

Kwanza tusome tangazo lenyewe. Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) humtaka kurutu wa kawaida awe na D katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, umri wa miaka 18 hadi 26, urefu wa futi 5 na inchi 3, uzani wa kilo 54.55 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Anayetaka kuwa kadeti, yaani afisa wa kesho, ni sharti awe na B. Kwa hiyo hofu ya kwamba wenye D ndio watakaopanga vita haina msingi.

Sasa tuitazame hiyo D. KCSE ya 2024 ilikuwa na watahiniwa zaidi ya 960,000, na waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa takriban 246,000. Waliobaki ni zaidi ya 700,000. Vyuo vya ufundi vipo, ila navyo vinadai karo. Jeshini kurutu hujifunza huku akilishwa, na halipi karo.

Nilikuwa na msichana mmoja, mwanafunzi wa kutwa, aliyepata D+. Kidato cha tatu chote alikuwa akiingia darasani saa mbili na nusu, viatu vimelowa umande, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa na ilimbidi akame ng'ombe wa watu kwanza ndipo aje shule. Tulimwadhibu kwa kuchelewa. Nami nilimwadhibu, na jambo hilo linanikera hadi leo. Siku ya usajili nilipita uwanjani nikamkuta miguu mitupu, nambari imeandikwa kwa wino mkononi, amemaliza mbio na bado anahema. Alikuwa amefika saa kumi alfajiri. Akaniambia, "Mwalimu, leo niliwahi."

Nilipomuuliza kwa nini jeshi, alitaja mshahara na matibabu ya mama yake. Wengine wana sababu zao: babu alikuwa askari, ama sare inaheshimiwa kijijini. Mvulana mmoja aliniambia anataka kazi ambayo akiamka asubuhi, kuna mtu anayemtegemea. Baada ya shambulio la El Adde, kambi ya KDF nchini Somalia, Januari 2016, nilidhani milolongo ya vijana ingepungua. Haikupungua. Anayesema wanasukumwa na njaa pekee hajakaa nao akawasikiliza.

Lipo jingine. Kijana wangu mwenye digrii, asiye na ajira, alienda uwanjani na cheti cha KCSE peke yake. Cha chuo kikuu alikiacha nyumbani chini ya godoro, akihofia kuambiwa amesoma kupita kiasi. Simlaumu hata kidogo. Lakini tukipandisha alama iwe C, huyu ataongezewa nafasi, na yule wa umande atanyang'anywa ile moja aliyokuwa nayo.

Nao wanaodhani askari huletwa jeshini akiwa ameshaiva wakumbuke KAR (King's African Rifles), jeshi la wakoloni Waingereza hapa Afrika Mashariki. Waingereza waliwapendelea wasiosoma, maana aliyepitia shule ya misheni walimwona mwenye maswali mengi. Vita vya Pili vya Dunia vilipowabana wakahitaji makarani na watu wa mawasiliano, waliwafundisha askari kusoma na kuandika wakiwa ndani ya jeshi. Elimu inaweza kutolewa kambini. Miguu imara na moyo wa kustahimili, kijana huja navyo kutoka nyumbani.

Linalopaswa kutukosesha usingizi ni hongo. Kuna wazazi waliouza ng'ombe na vipande vya shamba kuwapa madalali, na vijana waliofika kwenye chuo cha mafunzo ya makurutu Eldoret na barua bandia za kuitwa wakaishia kukamatwa. Aliyenunua nafasi ndiye wa kuogopwa akishika bunduki. Ombi langu ni dogo: idadi ya nafasi za kila kituo isomwe asubuhi, kwa sauti, mbele ya vijana wote, kabla mbio hazijaanza. Na jioni majina ya waliochaguliwa yasomwe papo hapo kabla uwanja haujafungwa.

Yule msichana hakuchukuliwa. Mizani ilionyesha kilo 48. Sasa ana miaka 21, na mama yake, ambaye amepata nafuu kidogo, humkorogea uji wa wimbi na karanga asubuhi na jioni, wakingoja tangazo lijalo.

Mwalimu wa shule ya upili,
Trans Nzoia