Barua kuhusu James Wylie, mpasuaji wa ikulu ya Urusi

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Katika barua yako umeniuliza inakuwaje namheshimu James Wylie, daktari aliyetia sahihi uongo kuhusu kifo cha mfalme wake. Swali ni la haki, nami sitalikwepa.

Wylie alizaliwa Uskoti mwaka 1768, na mwaka 1790 akaingia jeshi la Urusi kama daktari wa kikosi. Kilichomfikisha ikulu ni jipu. Kutaisov, aliyeanza kama kinyozi wa Tsar (mfalme wa Urusi) Paul wa Kwanza na kuishia na cheo cha ukabaila (huko ndiko mambo yalikofika), alivimba koo hata kupumua kukawa taabu, na waliomtibu wakashindwa kumsaidia. Wylie akalipasua lile jipu, usaha ukatoka, mgonjwa akapata nafuu, na mwaka 1798 kijana wa Kiskoti akawa mpasuaji wa Tsar mwenyewe.

Machi 1801 maafisa walimvamia Paul usiku chumbani mwake, katika kasri la Mikhailovsky, wakamuua. Wylie ndiye aliyekabidhiwa maiti aitie dawa isiharibike, na kwa sahihi yake ikatangazwa kwamba Tsar amekufa kwa kiharusi. Angeandika nini kingine, Salim, ilhali wauaji walikuwa bado wanarandaranda humo humo ikuluni? Simsafishi, nasema tu kwamba daktari wa ikulu hakuwa na mamlaka juu ya ukweli aliouona kwa macho yake. Alexander, mwana wa marehemu, alirithi kiti cha enzi akamrithi na daktari.

Heshima yangu inatokana na yaliyofuata. Mwaka 1806 alifanywa mkaguzi mkuu wa tiba jeshini, na kuanzia 1808 akaongoza Chuo cha Tiba na Upasuaji cha St Petersburg kwa miaka 30, huku akiendelea kushika kisu vitani. Agosti 1813, katika vita dhidi ya Napoleon karibu na Dresden, Ujerumani, kombora la mzinga lilimvunja Jenerali Moreau, Mfaransa aliyekuwa mshauri wa Alexander, miguu akiwa kando ya Tsar huyo. Wylie akaikata yote miwili, wakati ambapo dawa ya kumlaza mgonjwa haikuwapo; inasimuliwa kwamba Moreau alivuta sigara muda wote huo. Alifariki siku chache baadaye.

Mwaka 1825 Alexander naye akaugua homa kule Taganrog, mji wa kusini mwa Urusi. Wylie alimsihi anywe dawa, naye akakataa. Kwenye shajara yake daktari aliandika ukaidi huo siku baada ya siku, kwani mgonjwa huyo hakuna aliyeweza kumlazimisha. Alipokufa, Wylie alitia sahihi ripoti ya uchunguzi wa maiti pamoja na madaktari wenzake, na safari hii yaliyoandikwa yalikuwa kweli. Hata hivyo uvumi ulienea kwamba Tsar hakufa, bali alijificha Siberia akiishi kama mtawa.

Nasubiri jibu lako.

Ni mimi rafiki yako,
Hamadi