Kinyozi hajinyoi, na mcheza gofu hajioni

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika hivi karibuni kwamba kijana anayetaka kucheza gofu hana haja ya kutoa fedha kumlipa mwalimu, kwa kuwa siku hizi kila kitu kimo ndani ya simu, na kwa kuwa mabingwa kadhaa wa dunia walijifunza wenyewe. Nimeisoma hoja hiyo kwa makini na kwa heshima, kwa sababu nami niliishikilia kwa muda wa miaka miwili, na miaka hiyo ilinigharimu zaidi kuliko ada ambayo ningemlipa mwalimu.

Mimi ni mkaazi wa Bumbwini. Si mbali na kwetu, upande wa Mangapwani, upo uwanja wa gofu wa mashimo 9 wa hoteli ya Sea Cliff. Mchezo wenyewe si mgeni Unguja, kwani Waingereza waliucheza Mnazi Mmoja enzi za ukoloni, ila kwa wengi wetu ulibaki kuwa kitu cha kutazamwa kwa mbali. Nilipoanza nilikuwa nimeshavuka umri wa miaka 40. Nilinunua fimbo tano kuukuu, na kwa kuwa niliona haya kukosea mbele za watu, nikaufanya ufukwe kuwa uwanja wangu. Wakati wa bamvua, maji yakishatoka, mchanga hubaki mgumu na tambarare kwa masafa marefu, na mtu anaweza kupiga mpira, kuufuata kwa miguu na kuupiga tena mpaka maji yaanze kujaa.

Nilikuwa nikipiga kuelekea kusini, bahari ikiwa kuliani mwangu, na mpira wangu ulikuwa na ugonjwa mmoja tu: ulitoka sawa, ukafika katikati ya safari, kisha ukapinda kulia na kupotelea kwenye madimbwi. Dawa niliyojipa ni ile ambayo aghalabu hujipa kila anayejifundisha, yaani kugeuza mabega kushoto ili mpira ukipinda uishie katikati. Ukazidi kupinda. Nikageuka kushoto zaidi, nao ukapinda zaidi, na kwa muda wa miaka miwili nikawa naongeza dozi ya dawa ambayo ndiyo iliyokuwa ikilea maradhi.

Siku nilipokubali hatimaye kwenda kwa mwalimu, hakuanza na mikono wala kiuno. Aliniambia nisimame kama ninayetaka kuupeleka mpira kwenye mnazi mmoja uliokuwa mbele yetu. Nilipokwisha kujiweka sawa, akalaza kamba ya makumbi chini, ikigusa ncha za viatu vyangu, akaniomba nitoke nikasimame nyuma ya kamba nione inaelekea wapi. Ilielekea kwenye ukuta wa ua, hatua nyingi kushoto mwa mnazi. Kabla ya hapo ningekula kiapo kwamba nimeukabili mnazi. Baada ya hapo akaugeuza kidogo mkono wangu wa kushoto juu ya mpini mpaka nilipoweza kuviona vifundo viwili vya vidole nikitazama chini, na akasema kwamba kwa siku ile yatosha. Somo zima halikufika saa moja.

Naomba niieleze sababu yake, kwa kuwa hapa ndipo palipo na kiini cha mjadala wetu. Mpira wa gofu huanza safari yake, kwa sehemu kubwa, kuelekea pale uso wa fimbo ulipokuwa ukitazama wakati wa kuupiga, na hupinda kutokana na tofauti baina ya uso huo na njia ambayo fimbo inapita. Mtu anayegeuza mabega kushoto huifanya fimbo ipite kushoto zaidi, lakini mikono yake, ambayo bado inautafuta mnazi, huuacha uso wa fimbo ukitazama kulia mwa njia hiyo, na tofauti ikizidi mpira nao huzidi kupinda. Fimbo na mpira hugusana kwa muda wa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hakuna jicho linaloweza kukinasa kitendo hicho, wala mkono unaoweza kukihisi na kukisahihisha palepale. Mpigaji huona matokeo tu, kisha hukisia chanzo, na katika gofu makisio ya kawaida mara nyingi huelekea kinyume cha ukweli: ukitaka mpira upae ni lazima fimbo za chuma ziuteremkie, na ukitaka usipinde kulia ni lazima uache kuukimbilia kushoto. Wahenga waliposema kinyozi hajinyoi, hawakumaanisha kwamba kinyozi hana ujuzi. Walimaanisha kwamba kisogo chake mwenyewe kiko mahali ambapo macho yake hayafiki.

Msomaji mwenzetu alitaja mabingwa, na ni haki nimjibu kwa mabingwa haohao. Ni kweli kwamba Bubba Watson wa Marekani, aliyeshinda Masters, moja ya mashindano manne makubwa ya gofu duniani, mwaka 2012 na tena mwaka 2014, husema hajawahi kufundishwa na mwalimu wa kulipwa, na kwamba utotoni alikuwa akipiga mipira ya plastiki kuizunguka nyumba yao. Ni kweli pia kwamba Lee Trevino, aliyeshinda mataji 6 ya mashindano hayo makubwa, hakupitia chuo chochote cha gofu. Na yule ambaye sisi watu wa pwani tungempenda kuliko wote, Seve Ballesteros wa Hispania, alijifunza akiwa mtoto kwa fimbo moja ya chuma namba 3 kwenye mchanga wa ufukwe wa kijiji chao cha Pedreña, kisha akaja kushinda The Open, shindano kubwa la Uingereza, mara 3 na Masters mara 2. Niliposoma habari zake kwa mara ya kwanza nilijiona mimi mwenyewe pale Bumbwini.

Nilichokuwa sikijui ni nani waliokuwa wakimzunguka mtoto yule. Mjomba wake, Ramón Sota, alikuwa mchezaji wa kulipwa, na kaka zake nao waliingia katika kazi hiyohiyo. Trevino naye alikulia jirani na uwanja wa gofu mjini Dallas, akabeba mikoba ya wachezaji tangu utotoni na kutwa akawatazama wakipiga. Watu wa namna hii wanafanana na bingwa wa bao wa hapa kwetu, ambaye ukimuuliza nani aliyemfunza atakujibu kwamba hakufunzwa na mtu, ilhali alikaa barazani miaka kumi pembeni ya wazee, akawasikia wakibishana juu ya kila kete, na kila alipocheza vibaya akachekwa papo hapo. Kumwambia kijana wa Bumbwini au wa Wete, asiye na mjomba mchezaji wala baraza la wachezaji, ajifunze kama Ballesteros ni kumnyima kile ambacho Ballesteros alikuwa nacho.

Yuko mmoja, hata hivyo, ambaye kila nikimfikiria naona hoja ya mwenzetu ina uzito, naye ni Calvin Peete wa Marekani. Hakuligusa gofu mpaka alipokuwa na umri wa miaka 23. Alivunjika kiwiko cha kushoto utotoni na mkono ule haukunyooka tena maisha yake yote, ilhali karibu kila mwalimu wa gofu duniani humwambia mwanafunzi wake aunyooshe mkono wa kushoto. Peete alishinda mashindano 12 ya PGA Tour, yaani ziara ya mashindano ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, na kwa miaka 10 mfululizo, kuanzia 1981 hadi 1990, hakuna aliyemshinda katika ziara hiyo kwa kuuweka mpira wa kwanza ndani ya njia ya nyasi fupi inayoelekea shimoni. Nadhani mwalimu mwenye haraka angemwambia kwamba mwili wake haufai kwa mchezo huu. Mtu huyu anatufunza kwamba hakuna umbo moja la upigaji lililo halali peke yake, na mwalimu asiyelijua hilo ni hatari kuliko kukosa mwalimu.

Nami nalijua hilo kwa kuonja. Katika safari yangu moja ya Dar es Salaam nililipia somo kwa mwalimu mwengine, ambaye katika muda wa saa moja alinitajia makosa yasiyopungua kumi, kuanzia kidevu mpaka kisigino. Nilirudi nyumbani nikiwa siwezi hata kuinua fimbo bila ya kuhesabu maagizo, na ilinichukua wiki kadhaa kuurudisha mkono wangu katika hali yake. Walimu nao hukosea kwa wingi wao: kwa miaka mingi wengi walifundisha kwamba mpira huanza safari kwa kuifuata njia ya fimbo na kuishia pale uso wake unapotazama, mpaka rada za kupima mipira zilipoonyesha kwamba jambo lenyewe liko kinyume. Sisemi basi kwamba kila anayejiita mwalimu anastahili kulipwa. Nasema kwamba macho ya mtu mwengine, yenye ujuzi na yenye kujua kunyamaza, hayana badala.

Kuhusu simu, kwa kweli sina ugomvi nayo. Mimi hujirekodi kila wiki, simu ikiegemezwa kwenye jiwe nyuma yangu. Lakini picha huonyesha, haifasiri. Niliwahi kuitazama picha yangu mara ishirini nikidhani kosa liko kwenye kiwiko, kumbe lilikuwa miguuni, mahali ambapo hata sikutazama. Sisi Wazanzibari tungepaswa kulielewa jambo hili kabla ya watu wengine. Msahafu umetiwa irabu zote na alama zote za kusimama na kuvuta, na sauti za wasomaji wakubwa zimejaa katika simu zetu, lakini hakuna mzazi anayempa mtoto msahafu na simu akamwambia nenda kajisomee. Tunampeleka chuoni akae mbele ya mwalimu, kwa sababu mtoto anayeitamka herufi ya dhwadi vibaya huisikia sikioni mwake kama ameitamka sawasawa. Gofu ni mchezo tu, na siulinganishi na Kitabu, ila sikio linalomdanganya msomaji na mwili unaomdanganya mchezaji ni viungo vya mtu mmoja.

Lipo jambo moja ambalo anayekwenda kwa mwalimu hana budi kuambiwa mapema: atacheza vibaya zaidi kabla ya kucheza vizuri. Mimi niliharibika kwa miezi miwili. Tiger Woods, baada ya kushinda Masters ya mwaka 1997 kwa tofauti ya mikwaju 12, aliamua pamoja na mwalimu wake Butch Harmon kuujenga upya upigaji wake, na mwaka 1998 akapata ushindi mmoja tu katika PGA Tour, kisha mwaka 1999 akashinda mara 8. Jack Nicklaus, mwenye mataji makubwa 18 ambayo hakuna aliyeyafikia, alianza kwa mwalimu Jack Grout akiwa na umri wa miaka 10, na hata alipokuwa bingwa aliendelea kumrudia mwanzoni mwa msimu ili waanze upya na mshiko na msimamo kama anayeanza. Ikiwa mtu wa daraja hilo hakujiamini kutazama mikono yake peke yake, sioni aibu gani iliyobaki kwa mimi na wewe.

Kwa hivyo, ndugu yangu uliyeandika, rai yangu kwa kijana anayeanza ni kwamba asitafute masomo mengi. Atafute matatu au manne ya mwanzo, juu ya mshiko, msimamo na shabaha, kabla mwili haujazoea kosa, kwani kosa lililozoeleka huwa zito kuling'oa, na mgongo wa chini ndio unaolipa gharama ya upigaji mbovu wa muda mrefu. Kisha ajiendee peke yake pwani au uwanjani kwa miezi, maana hakuna mwalimu atakayempigia mipira yake, na akirudi kwa mwalimu arudi na swali moja.

Najua atakayeniuliza fedha zitoke wapi, na hapo ndipo ninapowageukia wenye hoteli, wenye viwanja na wizara inayosimamia michezo hapa Zanzibar. Vijana wanaobeba mikoba ya wageni tayari wanajua kusoma upepo na mteremko wa nyasi kuliko wengi wa wale wanaowabebea. Walichokosa ni saa chache za mtu wa kuwatazama wanapopiga. Mwalimu mmoja anaweza kuwapanga vijana kumi katika mstari alasiri moja kwa wiki, wakati ambapo uwanja hauna wageni wengi, bila ya kumpunguzia mteja yeyote haki yake. Walimu wetu wa skuli za vijijini nao wafunzwe mambo ya msingi, ili mtoto apate mshiko ulio sawa hata kama anapiga kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe.

Mwezi uliopita niliwakuta watoto watatu pwani wakipiga kokoto kwa makuti yaliyochongwa, wakiniigiza mimi. Mmoja wao alikuwa ameweka mkono wa kushoto chini ya wa kulia, na kokoto zake zote zilikuwa zikienda majini. Nilimshika vidole, nikavipanga, nikatandika ile kamba ya makumbi mbele ya miguu yake. Ikiwa atapatikana mwalimu wa kuwafunza watoto wa Bumbwini kwa alasiri moja kwa wiki, kamba ninayo, na kuwakusanya watoto ni juu yangu.

Ni mimi msomaji wenu,
Bumbwini, Kaskazini Unguja