Anti naomba ushauri, meno yangu ya kahawia na harufu ya mdomo, mchumba anataka vinia kabla ya harusi

Anti shikamoo, na wasomaji wengine habari zenu. Mi ni kijana wa miaka 31, nauza simu na vifaa vya simu Kariakoo ila kwetu ni Maji ya Chai, Arumeru, ukitoka Arusha mjini unaelekea Moshi. Ukishajua kwetu ni wapi nadhani tatizo langu la kwanza umeshalijua, meno yangu ni ya kahawia. Sio uchafu na sio sigara, sivuti, ni rangi iliyozama kwenye jino lenyewe toka utotoni, na yale mawili ya mbele juu yana vishimo vidogo vidogo kama yamedonolewa na kuku. Tatizo la pili ndo limenifanya niandike, mdomo unatoa harufu.

La rangi nimekua nalo. Shule ya msingi karibu darasa zima tulikuwa hivohivo hakuna wa kumcheka mwenzake, nimekuja kujua ni tatizo nilipofika Dar, huku nikicheka tu mtu anauliza "we wa Arusha eeh?" na wengine wanaona kabisa sipigi mswaki, hicho ndo kinaniuma maana napiga asubuhi na usiku. Ni maji Anti. Maji ya Mlima Meru yanapita kwenye miamba ya volkano yanabeba floraidi nyingi, Shirika la Afya Duniani wanasema isizidi miligramu 1.5 kwenye lita moja na vyanzo vingi vya kwetu vinazidi hapo kwa mbali, mpaka pale Ngurdoto kuna kituo cha kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Afu ongeza na magadi tunayowekea makande yaive haraka, nayo yana floraidi yake. Mtoto anayakuta yote hayo wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi, yakija kuota tabaka la juu lishadhoofika, rangi inazama humo na mswaki hauna la kufanya.

Harufu aliniambia mchumba wangu. Alinizungukaa weee mwisho akasema, na nampenda kwa hilo maana rafiki zangu wote walikuwa wananyamaza tu. Toka siku hiyo nimekuwa mtu wa ajabu dukani, mteja akiuliza bei namuandikia kwenye kalkuleta namgeuzia, wengine wanadhani ni mbinu ya biashara. Mama mdogo akasema ni tumbo hilo, nikanywa dawa za minyoo, nikanywa za vidonda vya tumbo, hakuna kitu.

Nikaenda kwa daktari wa meno wa kwanza, kliniki binafsi, matangazo yao yamejaa mtandaoni. Akaangalia meno ya mbele tu, hajagusa fizi, akasema nane za juu tuweke vinia, tunasaga jino kidogo tunabandika kigamba cheupe mbele yake, laki tatu kila jino, unatoka hapa mweupe. Nikamuuliza na harufu je, akasema itaisha yenyewe, akaniandikia dawa ya kusukutua ya klorheksidini ila hakuniambia niitumie mpaka lini. Harufu ikapungua kweli, mi nikaendelea nayo tu, kumbe ile dawa ukiitumia muda mrefu inapaka rangi meno na ulimi. Yaani natibu harufu huku kahawia inaongezeka juu ya kahawia, na chai nikawa siisikii ladha.

Wa pili ni dokta mmoja mama mtu mzima, hospitali ya serikali, foleni yake usiseme lakini alinipa muda. Alichukua uzi wa meno akapitisha kati ya magego ya nyuma akaniambia nusa. Anti nilitaka kulia, mwenyewe siku zote sijisikii kitu kumbe ndo hiyo watu wanayoipata. Akanipa kioo akanionyesha nyuma ya meno ya chini, ugaga, ule uchafu uliogandia meno ukawa mgumu, umejijenga ukuta, na kila alipogusa fizi inatoa damu. Halafu gego la mwisho chini kulia limeota nusu, nusu limefunikwa na nyama, chakula kinaingia chini yake na mswaki haufiki. Akasema harufu nyingi chanzo chake ni mdomoni humuhumu, wadudu wanaopenda sehemu zisizo na hewa wanakula mabaki wanatoa gesi za salfa, na wanapenda sana nyuma ya ulimi.

Mpango wake: kwanza aondoe ugaga wa juu na wa chini ya fizi, ang'oe lile gego, mi nikwangue ulimi kila siku na nipitishe uzi usiku, na ile dawa ya kusukutua niiache. Fizi zikipona ndo tuje kwenye rangi. Na kwenye rangi hasagi, anaanza kwa kusugua tabaka jembamba la juu kwa dawa yenye asidi, kisha ananitengenezea trei za kuvaa kwenye meno usiku zina jeli ya peroksaidi ya kung'arisha, kwa wiki kadhaa, mwisho vishimo anaviziba kwa plasta ya rangi ya jino. Akaniambia ukweli, hayatakuwa meupe kama ya kwenye matangazo, jeli ikianza madoa meupe yanaweza kuonekana zaidi kabla rangi haijalingana, na meno yatapata ganzi. Vinia hakuzikataa moja kwa moja ila alisema jino likishasagwa halirudi, na ukibandika juu ya fizi zinazotoa damu uchafu unakaa pembeni ya vinia na harufu inabaki palepale.

Ugaga umetolewa, gego limeng'olewa, damu imepungua sana. Ila sasa kuna uwazi kati ya meno ya chini ambao sikuwa nao na maji ya baridi yananichoma, na huku mtaani wananiambia si tulikwambia, kusafisha meno kunalegeza meno. Dokta anasema ugaga ndo ulikuwa umeziba huo uwazi na fizi zilikuwa zimevimba, zimerudi chini. Mi namwamini. Wengine wananishauri limau na mkaa, na shemeji kaniletea namba ya kijana wa saluni anayeng'arisha kwa saa moja kwa elfu hamsini, hata hajui kuna kitu kinaitwa fizi, huyo simtaki hata bure.

Shida ni mchumba. Harusi mwezi wa 12, anasema picha za harusi tutaziangalia maisha yote, anataka niende nikaweke vinia zile nane, yuko tayari tupunguze hata kwenye ukumbi tupate hela. Nikimweleza ya dokta anaona natafuta visingizio vya kubana matumizi. Na kwa mpango wa dokta mpaka mwezi wa 12 nitakuwa labda nipo katikati, madoa hayajalingana, ndo naingia kanisani nayo.

Na kuna kingine naona aibu hata kukiandika. Dokta alisema nitafute mtu mmoja mkweli wa kuninusa mara kwa mara maana mwenye mdomo hajisikii. Huyo mtu ni nani kama sio yeye? Lakini nikisogea karibu bado anageuza uso, na sijui kama ni harufu bado ipo au ni mazoea tu ya kugeuza, na yeye nikimuuliza anasema "hamna, uko sawa" haraka haraka.

Sasa Anti nisaidie, huyu mwenzangu nimuelezeje akubali kusubiri, nimpeleke kwa dokta asikie mwenyewe au nitaonekana nimemshitaki? Na wasomaji wa Arusha, Moshi, Singida, mliofanyiwa hiyo ya kusugua na jeli kwa meno kama yangu, rangi ilitoka kiasi gani, ilirudi? Na waliosaga wakaweka vinia miaka imepita, zinakaa au mnarudi kila mara kubandika? Halafu dada yangu ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu kule nyumbani, nawatumia hela wamnunulie maji ya kunywa ila sijui kama ya kupikia uji nayo yana shida, mwenye uelewa aseme.

Jina langu naomba usiliweke, mchumba wangu naye ni msomaji wako.

Muuza simu, Kariakoo