Klabu ya taifa ya anga haipimwi kwa maonyesho ya ndege

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu klabu za taifa za michezo ya angani, na kwa mengi naafikiana nanyi. Ila mlipofika kwenye swali la jinsi klabu hizo zinavyoikuza michezo yenyewe, mkaishia kwenye maonyesho ya ndege, vikombe na moshi wa rangi. Watu hufurahi, silikatai. Hata mimi huenda kutazama. Lakini umati ukishatawanyika, nani kati yao ameondoka akijua pa kuanzia kujifunza kuruka? Kazi ya klabu ya taifa iko kwingine. Kwa kuwa nami naifanya sehemu yake ndogo kwa kujitolea, kama mwangalizi rasmi, yaani shahidi anayethibitisha safari za glaida, ndege zisizo na injini, naomba nafasi niieleze.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Leseni ya urubani siku hizi hutolewa na mamlaka ya serikali. Hapo kale haikuwa hivyo. Rubani Mfaransa Louis Blériot alipewa cheti cha urubani namba 1 cha Ufaransa na klabu, Aéro-Club de France, na klabu hiyohiyo ndiyo iliyompa Raymonde de Laroche cha kwake tarehe 8 Machi 1910, akawa mwanamke wa kwanza duniani kuwa nacho. Serikali zilipoichukua kazi hiyo, klabu zikabaki na upande wa michezo: leseni ya mashindano, beji na rekodi. Mamlaka hayo huyapata kwa FAI, shirikisho la dunia la michezo ya angani lililoundwa Paris tarehe 14 Oktoba 1905 na ambalo sasa makao yake yako Lausanne, Uswisi.

Katika kila nchi, FAI humkabidhi mwanachama mmoja tu mamlaka hayo, na uzito wote uko hapo. Klabu ya kandanda ikilala, mchezaji huhamia nyingine. Klabu ya taifa ya anga ikilala, ada haijalipwa, barua hazijibiwi, katibu hajulikani aliko, basi rubani wa paraglaida (bawa la kitambaa la kurukia kutoka kilimani), mrukaji wa mwavuli, mwenye puto na kijana wa droni hukwama wote kwa pamoja. Klabu hiyo ndiyo inayopeleka majina ya timu kwenye mashindano ya dunia, na ndiyo inayothibitisha madai ya rekodi kabla hayajafika Lausanne.

Niwaonyeshe kazi hiyo kwa karibu. Beji ya fedha ya glaida ina masharti matatu: kukaa hewani saa 5, kupanda mita 1,000 na kusafiri kilomita 50. Ukiyasoma tu yanaonekana mepesi. Lakini ipo kanuni ya asilimia moja: safari ikiwa ya chini ya kilomita 100, kimo ambacho rubani amekipoteza kati ya mwanzo na mwisho wa safari kisizidi asilimia 1 ya umbali. Kwa kilomita 50, hiyo ni mita 500. Sasa mfikirie kijana anayevutwa na ndege hadi mita 900 juu ya uwanja. Anaachia kamba, safari yake inahesabiwa kuanzia hapo, anashinda akiwinda mikondo ya hewa inayopanda, kisha anatua shambani kilomita 51 kutoka alikoanza, kwenye ardhi ya kimo kilekile. Anashuka akicheka, anapiga simu aje achukuliwe na gari la trela. Safari hiyo haihesabiki: amepoteza kimo cha mita 900, na kwa kilomita 51 kikomo ni mita 510.

Mwangalizi anayeijua kazi yake humwambia jambo hilo asubuhi, kabla kamba haijafungwa: achia chini zaidi, au nenda mbali zaidi. Huandika jina la rubani, namba ya glaida na namba ya kifaa cha kurekodi safari. Baada ya kutua, hulichukua faili yeye mwenyewe, akahakikisha muhuri wake wa kielektroniki haujavunjwa, ndipo akatia sahihi. Zamani kifaa kilikuwa barografu, sindano ikikwaruza mstari wa kimo kwenye karatasi iliyopakwa masizi, na kisanduku kikafungwa kwa lakiri kabla ya kuruka. Vyombo vimebadilika, ila mtu wa kusimama pale na kushuhudia bado anahitajika.

Mtu huyo huteuliwa kwa mamlaka ya klabu ya taifa. Kumfundisha si gharama: jioni moja ya masomo, mtihani mfupi, na mtu wa kumpigia simu anapokwama. Hata hivyo naijua klabu ambayo kabati lake la vikombe linafutwa vumbi kila wiki, huku nusu ya waangalizi walio kwenye orodha yake wakiwa wameacha kuruka kitambo. Vijana wake wanatimiza masharti ya beji na hakuna wa kuwatilia sahihi.

Wengine watasema ofisi moja haiwezi kujua glaida, puto, miavuli, sarakasi za angani na ndege za mfano kwa pamoja. Kweli, na wala haitakiwi. Uingereza, Royal Aero Club, iliyoanzishwa mwaka 1901, imeukabidhi kila mchezo kwa chama chake. Glaida ziko chini ya British Gliding Association. Wanaoujua mchezo ndio wanaouendesha, na klabu ya taifa inabaki kuwa kiungo na FAI. Sioni kwa nini klabu nyingine ziendelee kung'ang'ania kila muhuri kwenye droo ya mwenyekiti.

Kuhusu watoto sitasema mengi. FAI ina shindano la uchoraji la watoto wa miaka 6 hadi 17, na hatua ya nchi huendeshwa na klabu ya taifa; kinachohitajika ni karatasi, rangi na mwalimu aliyepewa taarifa mapema. Kuna pia ndege za mfano za kurushwa ndani ya ukumbi, nyepesi kuliko sarafu, ambazo kwa nguvu ya mpira uliosokotwa tu huweza kukaa hewani zaidi ya dakika 20. Marubani wengine wanazidharau. Waunde moja, tuone kama itaruka.

Suala la anga lenyewe makala yenu haikuligusa kabisa. Mamlaka ikitaka kufunga eneo juu ya kilima ambako watu wa paraglaida huruka, barua ya rubani mmoja huishia kwenye faili. Klabu ya taifa ndiyo inayopaswa kuwa mezani, tena kabla ramani haijachapishwa, ikiwa na rekodi za safari kuonyesha nani huruka wapi na kwa kimo gani.

Na mlango uwe wazi kweli. Bessie Coleman, Mmarekani mweusi, alikataliwa na shule za urubani za kwao kwa rangi yake na kwa kuwa mwanamke. Alijifunza Kifaransa, akavuka bahari, na leseni ya FAI akaipata Ufaransa tarehe 15 Juni 1921. Klabu yoyote inayopanga ada ya kiingilio na masharti ya wadhamini wawili ijiulize ni nani inayemfanya avuke bahari leo.

Ombi langu kwenu ni hili. Mkirudi kwenye mada hii, msimwulize mwenyekiti ana vikombe vingapi. Mwombeni orodha ya waangalizi wake, tarehe ilipohuishwa mara ya mwisho, na namba ya simu inayopokelewa Jumamosi, maana ndiyo siku vijana wanaruka.

Wenu,
Mwangalizi wa kujitolea