Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya, pamoja na Neno juu ya Mipaka

Ndugu zangu, Krismasi njema kwa wanaoisherehekea, na heri ya mwaka mpya kwetu sote. Waliofiwa mwaka huu Mungu awape subira, wagonjwa awape nafuu, na wanaoupitisha msimu huu mbali na kwao, wawe wamefuata kazi au wamekimbia vita, tuwakumbuke kwa dua.

Mwisho wa mwaka watu hutakiana amani. Mimi siku hizi za mapumziko nimekuwa nikisoma habari za vita, hasa vile vya mipaka tuliyoachiwa na wakoloni, na nimekuta kwamba msimu wenyewe umo ndani ya mafaili ya migogoro hiyo. Tarehe 1 Januari, siku ya kupigiana simu za heri, kisheria ndiyo inayotenganisha nchi mbili.

Sudan ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1956. Januari 2005, serikali ya Khartoum na SPLM, chama cha wapiganaji wa kusini, walipotia sahihi mkataba wa amani, ilibidi wakubaliane kusini inaanzia wapi. Wakaandika kwamba inaanzia pale ilipoanzia siku ile ya 1 Januari 1956. Yaani mstari wa mikoa waliouchora maofisa wa Kiingereza kwa ajili ya utawala wao, wakijua au hawajui kwamba kuna siku utalindwa na vifaru, ndio uliokuja kuwa mpaka wa kimataifa tarehe 9 Julai 2011, baada ya karibu asilimia 99 ya wapiga kura wa kusini kuchagua kujitenga.

Sasa tazameni Abyei, eneo linalogombewa kwenye mpaka huo. Mwaka 1905 utawala huo huo wa Waingereza ulizihamisha himaya tisa za machifu wa Wadinka Ngok, ukazitoa Bahr el Ghazal na kuziweka chini ya Kordofan. Kwa hiyo uhuru ulipofika, Wadinka hao walikuwa kaskazini kwenye karatasi, ingawa ndugu zao wote wako kusini. Mkataba wa 2005 uliwaahidi kura yao wenyewe, ipigwe wakati mmoja na ile ya kusini, waamue wabaki au waende. Mwaka 2009 jopo la usuluhishi lililoketi The Hague likachora upya eneo lenyewe. Lakini kura ikakwama kwenye swali moja tu: mkazi wa Abyei ni nani? Je, Wamisseriya, wafugaji wa Kiarabu wa kaskazini, ambao kila kiangazi hushuka na ng'ombe wao kutafuta malisho na maji, nao ni wakazi? Khartoum ikasema ndiyo, Juba ikasema hapana. Oktoba 2013 Wadinka Ngok wakajipigia kura yao wenyewe, na hakuna serikali iliyoitambua. Karani aliyesogeza mstari 1905 huenda alimaliza kazi ile kwa asubuhi moja.

Msimu huu una kisa kingine, nacho kinanigusa zaidi kwa sababu kilitokea siku yenyewe ya Krismasi. Tarehe 25 Desemba 1985, Burkina Faso ya Thomas Sankara na Mali ya Moussa Traoré ziliingia vitani kugombea ukanda wa Agacher, ardhi kame isiyo na utajiri mkubwa wa kujulikana. Vita hivyo vilidumu siku tano. Cha kusikitisha ni kwamba nchi hizo mbili zilikuwa zimekwisha kukubaliana tangu 1983 kuipeleka kesi yao Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Zilipigana huku faili liko mezani kwa majaji.

Hukumu ilisomwa tarehe 22 Desemba 1986, siku tatu kabla ya Krismasi iliyofuata. Ukiifuatilia utaona ajabu yake. Pande zote mbili za mpaka zilikuwa chini ya Mfaransa mmoja, kwa hiyo mstari uliogombewa ulikuwa ni wa mikoa ya ndani tu. Tena koloni la Upper Volta, ambalo ndilo Burkina Faso ya leo, Wafaransa walilifuta 1932 wakaligawa kwa majirani, kisha wakalirudisha 1947. Majaji ikawabidi wafukue amri za magavana, barua na ramani za kale, wamtafute mkoloni aliyekwisha kuondoka ili awaamulie Waafrika wawili ugomvi wao. Wakaugawa ukanda ule karibu nusu kwa nusu, na wote wawili wakakubali. Mashauri ya namna hii hayaishi hivyo mara nyingi.

Msingi wa hukumu ile uliwekwa na Waafrika wenyewe. Julai 1964, kule Cairo, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliamua kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru wake. Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulisukuma azimio hilo. Moroko na Somalia zililikataa, na sababu zao si siri. Oktoba 1963 Moroko ilikuwa imepigana na Aljeria juu ya mpaka wa jangwani. Kenya nayo, mwishoni mwa Desemba 1963, wiki chache tu baada ya kupandisha bendera, ilitangaza hali ya hatari kaskazini mashariki, ambako Wasomali wengi walitaka kujiunga na Somalia. Krismasi ya kwanza ya uhuru Kenya ilikuwa na vita vya mpaka.

Mimi naamini Cairo waliamua sawa. Anayesema mipaka ingechorwa upya kwa kufuata makabila atuonyeshe kwanza angeanzia wapi, na angefanyaje pale ambapo kijiji kimoja kina watu wa lugha tatu. Hata lawama tunazourundikia mkutano wa Berlin zinahitaji kupunguzwa. Mkutano ule wa Novemba 1884 hadi Februari 1885 ulipanga zaidi kanuni za kugombania bara. Mistari mingi ilikuja baadaye, kwa mikataba ya wawili wawili. Mmojawapo ni ule wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890, ambao hadi leo unazigombanisha Tanzania na Malawi. Mkataba huo uliupitisha mstari ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na Malawi inausoma hivyo hivyo ulivyoandikwa: maji yote upande ule ni yake. Tangu 1967 Tanzania imeshikilia kwamba mpaka upite katikati ya ziwa, kama ilivyo desturi ya mataifa, kwa kuwa haiwezekani mtu azaliwe ufukweni, avue samaki hapo maisha yake yote, kisha aambiwe anavua ugenini. Nakubaliana na hoja hiyo. Lakini tusijifiche: nchi iliyobeba bendera ya azimio la Cairo ndiyo hiyo hiyo, kwenye ziwa hili, inayokataa kufuata herufi za mkoloni. Habari za kutafuta mafuta ziwani zilipoanza kuvuma, karibu na 2012, ugomvi uliokuwa umelala ukaamka. Mafuta yana tabia hiyo. Watu wa rasi ya Bakassi, iliyogombewa na Nigeria na Kamerun, waliyaona hayo, Guyana na Venezuela nazo zinayaona kwa Essequibo, eneo ambalo mpaka wake ulitolewa hukumu 1899.

Nirudi kwa harakati za kudai uhuru, maana hapo ndipo fikra zangu zilipogeuka. Tumezoea kusema kwamba wanaotaka kujitenga wanaivunja ramani ya mkoloni. Ukizichambua, utakuta wengi wao ndio wanaoing'ang'ania. Eritrea ilidai mipaka ya koloni la Italia. Somaliland inadai mipaka ya himaya ya Waingereza, iliyokuwa nchi huru kwa siku chache tu, tangu 26 Juni 1960 hadi ilipoungana na upande wa Italia tarehe 1 Julai. Polisario, wapigania uhuru wa Sahara Magharibi, wanadai Sahara ile ile ya Wahispania. Timor ya Mashariki, mbali kule Asia, iliupata uhuru wake tarehe 20 Mei 2002 kwenye mstari uliowatenganisha Wareno na Waholanzi. Asiyekuwa na mstari wa namna hiyo, au mwenye mstari wa mkoa tu ambao serikali kuu haikuridhia kuachia, milango humfungia. Katanga, iliyojitenga na Kongo, iliishia Januari 1963. Biafra, iliyojitenga na Nigeria, iliishia Januari 1970, ingawa Tanzania iliitambua tarehe 13 Aprili 1968, chini ya Nyerere yule yule wa Cairo, kwa hoja kwamba dola lisiloweza kuwalinda raia wake wasiuawe haliwezi kuwadai utii kwa jina la umoja. Wapo wanaomwona alijipinga mwenyewe. Mimi namwona mtu aliyejua kwamba azimio lake lilikuwa na shimo.

Shimo hilo ni hili. Cairo waliulinda mpaka wa nje, hawakusema lolote juu ya ahadi walizopeana watu walioingizwa pamoja ndani yake. Eritrea iliunganishwa na Ethiopia 1952 kama shirikisho, yenye bunge na bendera yake. Mfalme Haile Selassie akalifuta shirikisho hilo 1962, na vita vikaendelea kwa karibu miaka thelathini. Sudan ya Kusini ilipewa mamlaka yake ya ndani kwa mapatano ya Addis Ababa ya 1972, Rais Nimeiry wa Sudan akayafuta 1983, vita vikarudi. Miaka na majina hutofautiana, ila mwendo ni ule ule: mstari wa zamani ulikuwepo tu kama hati ya shamba kabatini, hadi mtu alipovunja makubaliano, ndipo ikatolewa.

Kamerun inanisumbua kuliko zote, na yenyewe pia ni mtoto wa mwaka mpya. Ilikuwa koloni la Ujerumani, ikagawanywa baina ya Uingereza na Ufaransa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Upande wa Ufaransa ukawa huru tarehe 1 Januari 1960. Watu wa upande wa Uingereza waliitwa kwenye kura tarehe 11 Februari 1961 na kupewa machaguo mawili: mjiunge na Nigeria au mjiunge na Kamerun. Kusimama peke yao hakukuwamo kwenye karatasi. Wa kaskazini wakaenda Nigeria, wa kusini wakaenda Kamerun tarehe 1 Oktoba 1961, wakiwa wameahidiwa shirikisho. Mei 1972 shirikisho likafutwa kwa kura iliyopigwa nchi nzima, ambamo wao walikuwa wachache. Mwaka 2016 mawakili na walimu wa mikoa miwili inayotumia Kiingereza waliandamana juu ya mahakama zao na shule zao. Hawakuanza kwa kudai nchi. Baada ya kamatakamata na risasi, tarehe 1 Oktoba 2017 wanaharakati wakatangaza nchi ya Ambazonia, ndani ya mstari ule ule wa Waingereza. Nasema bila kusita: kama madai yale ya mahakama na shule yangesikilizwa kwa uungwana, ramani ya 1961 ingebaki kwenye makumbusho.

Hata kilio cha "Pwani si Kenya" kina sura hiyo. Wanaokitoa huanza na ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, na makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyoukabidhi kwa Kenya. Lakini ukikaa nao wakaongea, mazungumzo hayachukui muda kabla ya kuhamia kwenye ardhi, hati na ajira. Baraza lao, Mombasa Republican Council, lilipigwa marufuku 2010, mahakama ikaiondoa marufuku 2012. Ardhi imebaki pale pale.

Kuna pia Sahara Magharibi, na hapa simulizi ya Krismasi inaniingilia. Yusufu na Mariamu walisafiri kwenda Bethlehemu kwa amri ya dola iliyotaka watu waandikwe. Wahispania nao waliwahesabu Wasahara 1974, wakapata kama watu 74,000. Vita viliposimamishwa 1991, Umoja wa Mataifa ulipeleka ujumbe wa kuandaa kura ya maoni, na kazi ikakwama kwenye daftari: wahesabiwe waliokuwemo 1974 na uzao wao, au pia maelfu wengine ambao Moroko inasema asili yao ni huko? Kura haijapigwa. Kuna watu waliozaliwa kwenye kambi za Tindouf, Aljeria, ambao sasa wana wajukuu humo humo. Kwao hao natuma salamu za pekee. Wengi wao si Wakristo na Krismasi haiwahusu, lakini mwaka mpya unawahusu.

Salamu zangu nyingine ziwafikie wapima ardhi na makamishna wa mipaka. Umoja wa Afrika ulianzisha mpango wa mipaka 2007, nia ikiwa mipaka yote isiyo na alama iwe imewekewa ifikapo 2012. Tarehe hiyo ikasogezwa hadi 2017, na bado kazi ipo. Kwa hiyo ndugu zetu wa nguzo na ramani, nyinyi mnaokwenda porini na mafundi wa pande mbili mkakubaliana jiwe likae wapi, mapumziko mema, na Januari mkirudi kazini bajeti yenu iwe imepitishwa.