Ukoka usinyolewe hadi udongo

Ndugu Mhariri,

Masika yakiisha, nyua nyingi hapa Tanga hufyekwa mpaka udongo uonekane, kisha nyasi zikikauka tunalaumu jua. Jua halina kosa. Ukoka ulionyolewa hutumia akiba ya mizizi kutoa majani mapya, na mwanga unaofika ardhini huamsha mbegu za magugu. Naomba wasomaji wenzangu waache sentimita 3 hadi 4, na kila mkato uondoe theluthi moja tu ya urefu. Masika hukatwa kila wiki; kiangazi hata wiki 3 zinaweza kupita.

Mbolea iwekwe mwanzo wa masika na wakati wa vuli: urea kilo 1 kwa mita 100 za mraba, majani yakiwa makavu, kisha maji papo hapo. Bila maji, urea huunguza.

Adui mkubwa ni ndago, gugu linalofanana na nyasi. Jembe hapa linaharibu kabisa, kwa sababu hutenganisha viazi vyake vilivyoungana chini, na kila kimoja huota peke yake. Ing'olewe kwa uma wa bustani ardhi ikiwa na unyevu, viazi vyote vitoke, na kazi irudiwe kila inapochipua.

Wenye visima vya maji ya chumvi karibu na bahari wasinyunyize kidogo kidogo kila jioni. Chumvi hubaki juu. Wamwagilie mara 2 kwa wiki, asubuhi mapema, maji yazame sentimita 15. Mchanga wetu haushiki maji, hivyo watandaze samadi iliyooza, iliyochekechwa, unene usiozidi sentimita 1.

Msomaji wenu,
Tanga