Betri Inapovuja Ndani ya Korg Polysix

Wateja wanaotuletea sinthesaiza (kinanda cha kielektroniki) ya Korg Polysix hutueleza dalili zinazofanana: sauti walizozihifadhi zimepotea, vitufe vingine havifanyi kazi vikibonyezwa, na noti moja hulia bila kukoma. Baadhi yao hufika wakiwa wameshanunua chipu za kichujio, yaani sehemu inayochuja na kubadilisha sauti, kwa imani kwamba chombo kilichotoka mwaka 1981 hakina budi kuwa kimechoka huko. Tunawaomba wazihifadhi kwanza, kwa sababu katika Polysix sisi huanza na betri.

Chombo hiki hutoa sauti 6 kwa pamoja kwa saketi za analogi, lakini kinaongozwa na kompyuta ndogo inayosoma vitufe na kutunza mipangilio 32 ya sauti. Ili mipangilio hiyo isifutike umeme ukizimwa, watengenezaji waliweka betri ya nikeli na kadimiamu, wakailehemu moja kwa moja kwenye bodi ya KLM-367, yaani bodi ileile inayobeba kompyuta. Betri hiyo ikizeeka huvuja, hata kama chombo hakijawashwa kwa miaka mingi, na ndiyo maana Polysix iliyofungiwa sandukuni inaweza kutufikia ikiwa na hali mbaya kuliko ile iliyopigwa kila wiki.

Kinachovuja si asidi, kama wengi wanavyodhani, bali ni potasiamu haidroksaidi, ambayo ni alkali kali. Hutambaa chini ya rangi inayokinga bodi, ikaila njia nyembamba za shaba na kupanda kwenye miguu ya chipu na ndani ya soketi. Unga mweupe au ukoko wa kijani karibu na betri ni dalili iliyo wazi, lakini tunachokihofia zaidi ni njia ya shaba iliyogeuka nyeusi chini ya rangi: kwa macho inaonekana nzima, kumbe imekwisha kukatika. Hapo ndipo hutokea hitilafu za kuja na kuondoka, ambazo humfanya mwenye chombo ashuku kila kitu isipokuwa penye tatizo.

Kwa hiyo kwanza tunaiondoa betri, kisha tunapaka siki nyeupe ili kuvunja ukali wa alkali, tunasuuza kwa maji yaliyotoneshwa, tunamalizia kwa alkoholi ya isopropili na kuiacha bodi ikauke kabisa. Alkoholi peke yake haitoshi, kwani huondoa uchafu lakini alkali hubaki. Baada ya hapo tunakwangua rangi palipoharibika, tunapima kila njia kwa multimita tukifuata mchoro wa saketi, na iliyokatika tunaiunga kwa waya mwembamba. Kazi hii ni ya polepole, wala hatukubali kuiharakisha, kwa sababu njia moja iliyorukwa itaurudisha ugonjwa uleule baada ya miezi michache.

Badala ya betri ya zamani tunaweka ya lithiamu ya volti 3 katika kishikio kilicho mbali na bodi, pamoja na dayodi, kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Dayodi hiyo si pambo: saketi ya asili huichaji betri, na betri ya lithiamu ya aina hii haipaswi kuchajiwa kamwe.

Bodi ikishapona, tunapima volti za umeme unaoilisha na kubadilisha kapasita za kuchuja, yaani vijenzi vinavyotuliza umeme huo, zilizokauka. Hatubadilishi kapasita zote za chombo kwa mkupuo, ingawa wateja wengine hutuomba hivyo. Nyingi bado ni nzima, na kila mguu unaolehemewa upya kwenye bodi ya zamani unaweza kung'oa shaba. Kisha tunasikiliza sauti moja baada ya nyingine. Kasoro ikiwa kwenye sauti moja kati ya 6, chanzo kipo kwenye saketi ya sauti hiyo, na hapo ndipo chipu ya kichujio, SSM2044, hustahili kushukiwa. Zikiharibika zote 6 kwa namna moja, tunarudi kwenye umeme au kwenye KLM-367.

Ikiwa unayo Polysix na hujui hali ya betri yake, tafadhali usiiwashe ili kuijaribu. Chomoa waya wa umeme, usiifungue mwenyewe, kisha tuandikie dalili ulizoziona mara ya mwisho ilipofanya kazi, ukitaja kama kasoro ilikuwa kwenye kila noti au kwenye baadhi tu.